Oili Mbele ya Injini ya Subaru: Anzia Chini ya Oltaneta

Kwa wiki tatu nilitandika kadibodi chini ya Subaru Impreza yangu ya 1998, maana keyateka wa ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, alishachoka kusugua kabro. "Bosi, gari limekojoa tena," ndiyo ilikuwa salamu yake kila asubuhi. (Ugonjwa wa gari hili niliupata utotoni, Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 na Impreza.) Fundi mmoja aliinama, akaona oili mbele ya injini, akasema ni sili ya krenki, ile raba inayozuia oili isitoke pale mhimili wa injini unapochomoza: mkanda wa taiming utolewe, nijipange siku mbili. Nikamwambia nitarudi.

Nyumbani, injini ikiwa baridi, nilisafisha sehemu yote ya mbele nikaikausha kwa kitambaa. Nikawasha dakika kumi, nikazima, nikamulika chini ya oltaneta, ile jenereta ya kuchaji betri, kwa tochi ya simu. EJ20, ndiyo injini ya gari langu, inaficha hapo, juu ya bloku, swichi ya presha ya oili, ile inayowasha taa ya oili kwenye dashibodi, na kinachovuja hapo huteremka mbele mpaka ukadhani ni sili imekufa. Nilichomoa plagi ya waya. Ndani ililowa oili. Basi, kiwambo cha ndani ya swichi kilishapasuka.

Gari likishapoa, toa terminali ya hasi ya betri kwanza. Waya mnene wa oltaneta una umeme hata gari likiwa limezimwa. Spana ikigusa bodi utaona cheche za kukutosha. Legeza mkanda, fungua oltaneta, iweke kando. Oili usimwage, itatoka kidogo tu. Swichi inafunguliwa kwa soketi ndefu ya milimita 24.

Usiitupe ile kuukuu! Enda nayo dukani. Swichi ya kwanza niliyonunua Kirinyaga Road ilifanana nayo kwa macho, lakini iliingia mizunguko miwili ikakwama. Kumbe nyuzi zake zilikuwa za NPT, kipimo cha Kimarekani, 27 kwa inchi, na Subaru inataka BSPT ya 1/8, kipimo cha Kiingereza, yenye 28. Tofauti ni uzi mmoja, lakini bloku ni ya alumini: ukilazimisha, umeharibu tundu. Ziweke mbili ubavu kwa ubavu, nyuzi zikutane kama meno ya zipu.

Teipu nyeupe ya mafundi wa bomba mimi siitumii. Kikikatika kipande kinaweza kuziba njia ya oili, tena swichi ina waya mmoja tu, umeme wake hurudi kupitia nyuzi zilezile. Paka gundi ya kuzibia nyuzi, kidogo, ukiacha nyuzi mbili za mwanzo kavu. Anza kwa vidole, malizia kwa soketi: 25 Nm, kwa spana ya kupima nguvu ya kukaza. Nyuzi hizi hukaza zenyewe kadiri zinavyoingia, kwa hivyo usionyeshe misuli.

Rudisha kila kitu, kaza mkanda, pima oili. Ukifungua swichi ya ufunguo, taa nyekundu ya oili lazima iwake. Injini ikishika, taa hiyo izimike ndani ya sekunde chache. Isipozimika, zima injini hapo hapo.

Nilienda Thika Road mpaka Ruiru nikarudi, nikalaza gari juu ya kadibodi mpya. Asubuhi keyateka alipita na ndoo yake, akachungulia chini.

"Habari ya asubuhi, bosi."