Kiangazi hiki nani anakuja? Mwongozo wa kuifuata bendi ya nyumbani ukiwa ughaibuni

Kila mwaka ikikaribia mwezi wa tano, simu yangu hapa Nairobi huanza kuingiza ujumbe kutoka Hamburg, Leeds na Malmö, na swali ni lilelile: "Kiangazi hiki nani anakuja?" Wanaouliza ni marafiki niliowaacha huko. Niliishi Ujerumani miaka saba kabla ya kurudi, na karibu likizo zangu zote za huko ziliishia ndani ya treni na mahema, nikifuata bendi ndogo. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa vipande, kwa hiyo nayaandika yote hapa.

Ninaposema bendi ndogo, nazungumzia zile zinazojitegemea: hazina kampuni kubwa ya rekodi nyuma yao, zinajilipia studio, zinajibu barua pepe zenyewe, na mpiga ngoma ndiye dereva wa gari. Hizi ndizo zinazohitaji miguu yako, na ndizo utakazofurahia kuzifuata, kwa sababu unaweza kuzisogelea.

Jambo la kwanza: chagua bendi, halafu ndipo uchague tamasha. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunanunua tiketi ya tamasha kubwa kwa kuwa jina lake limevuma, tunafika huko na kukuta bendi tuliyoipenda imepewa dakika 40 saa saba mchana, wakati sisi bado tuko kwenye foleni ya kukaguliwa mabegi. Kumbe bendi hiyohiyo ilikuwa na shoo yake siku tatu kabla, kwenye chumba cha watu 150, saa nzima na nusu, kwa bei ya sahani mbili za chakula.

Ziara za kiangazi hupangwa hivi. Tamasha la Jumamosi ndilo linalolipa vizuri, na ndilo linaloitoa bendi Nairobi. Lakini kati ya Jumamosi moja na nyingine kuna siku sita za kula, kulala na kutia mafuta, kwa hiyo wakala huzijaza kwa shoo ndogo za katikati ya wiki. Ukiona bendi imetajwa kwenye tamasha, tafuta Jumanne hadi Alhamisi za wiki hiyo na inayofuata. Tena usitafute mji ulio jirani na tamasha. Mikataba ya matamasha makubwa mara nyingi huikataza bendi kupiga karibu na hapo kwa wiki kadhaa, ili tiketi zisikose wanunuzi. Angalia miji iliyo mbali kidogo, kilomita 200 au 300. Nimepata shoo zangu bora kabisa kwa kufuata kanuni hiyo.

Habari huanzia Nairobi

Usingoje mabango ya Ulaya. Bendi nyingi za hapa hupitia Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani, vyote vikiwa katikati ya jiji upande wa Mtaa wa Loita. Bendi ya Sauti Sol, walioanza mwaka 2005, wana historia pale: watatu kati yao walitoka Upper Hill School, na mpiga gitaa Polycarp Otieno walikutana naye Alliance Française. Vituo hivi vina uhusiano na waandaaji wa Ulaya, na bendi inayotaka kusafiri mwezi wa sita mara nyingi huonekana kwenye ratiba zao miezi michache kabla, ikinoa nyimbo zake. Jiandikishe kupokea ratiba hizo kwa barua pepe hata kama uko Oslo. Kuna pia tamasha la Sauti za Busara, Zanzibar, kila Februari tangu 2004 isipokuwa 2016 lilipokosa fedha. Waandaaji wa nje huja pale kusikiliza na kuchagua, kwa hiyo orodha ya waliopiga Februari pale Ngome Kongwe, ukumbi wa tamasha hilo, yafaa uisome kwa makini.

Wengine hawapiti njia hiyo kabisa. Duma, wale vijana wawili wa Nairobi wenye muziki wa kelele nzito, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia lebo, yaani kampuni ya rekodi, ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na Ulaya ikawajua kwa mlango huo. Mmoja wao, Martin Khanja, sasa anajiita Lord Spikeheart na ana lebo yake, Haekalu. KMRU, mjukuu wa mwanamuziki mashuhuri Joseph Kamaru, alihamia Berlin. Ukiwatafuta watu kama hawa kwenye matamasha ya "muziki wa Afrika" peke yake utawakosa, kwa kuwa wanapiga kwenye kumbi za muziki wa majaribio, makanisa ya zamani na viwanda vilivyofungwa. Fuata lebo, usifuate jina la bendi tu. Lebo moja itakuonyesha bendi nyingine tano ambazo hukuwahi kuzisikia.

Viza, yao na yako

Hapa naomba usome polepole. Usinunue nauli isiyorudishwa kwa ajili ya bendi kutoka nyumbani mpaka wao wenyewe watangaze kwamba viza zimetoka. Mwaka wangu wa nne huko nilipanga likizo nzima kufuata bendi moja ya watu watano kutoka Eastlands, Nairobi. Wanne walipewa viza. Mpiga besi alinyimwa siku sita kabla ya safari, kwa sababu eti haikuthibitika kwamba angerudi. Ana mke, watoto wawili na karakana ya kuchomelea. Niliwaona Leipzig, ghorofa ya pili juu ya duka la baiskeli. Mpiga kinanda alikuwa akicheza sauti zote za besi kwa mkono wa kushoto, shoo nzima, na kati ya wimbo na wimbo alikuwa akiukunjua ule mkono na kuutikisa chini ya kinanda watu wasione. Walipiga vizuri, lakini niliumia, na bado nikikumbuka naumia.

Upande wako: kama unaishi Uingereza na pasipoti yako ni ya Kenya, Uganda au Tanzania, ukaazi wako wa huko haukuvushi kwenda Ufaransa wala Uholanzi. Unahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla, na si chini ya siku 15. Kwa tamasha la Julai, omba Februari, maana miadi ya Mei na Juni huisha mapema. Kama una kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, unaweza kutembelea nyingine siku 90 ndani ya kila siku 180, lakini beba pasipoti pamoja na kadi ya ukaazi, si picha yake kwenye simu. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na sisi ndio tunaosimamishwa kwanza ndani ya treni. Ukiwa na karatasi zako mkononi, mambo huisha kwa dakika mbili.

Tiketi, treni na hema

Tiketi ya Glastonbury, lile tamasha kubwa la Uingereza, huwezi kuinunua bila kujisajili mapema kwa picha yako, na tiketi ikitoka kwa jina lako haihamishwi. Tena mwaka 2026 ni wa kulipumzisha shamba linapofanyika, kwa hiyo tamasha halipo. Sikulaumu ukiitaka, lakini kwa bendi ndogo kuna mahali pazuri zaidi. Green Man huko Wales, mwezi wa nane. End of the Road, kwenye bustani za Larmer Tree, kiangazi kikiishia. Haldern Pop, kijijini karibu na mpaka wa Ujerumani na Uholanzi, lililoanza mwaka 1984 na bado hutumia kanisa la kijiji kama ukumbi. Ukiishi Uingereza na huna siku za kulala hemani, The Great Escape ya Brighton mwezi Mei hutumia vyumba vidogo vya mjini, na Reeperbahn Festival ya Hamburg hufanya vivyo hivyo Septemba. Katika hayo mawili, fika chumbani bendi moja kabla ya ile unayoitaka. Chumba kikijaa, mlango hufungwa, na bangili yako ya tiketi haitakusaidia.

Wasio na pesa wana njia ya heshima: kujitolea. Shirika la misaada la Oxfam huandikisha wasimamizi kwa matamasha kadhaa ya Uingereza. Unaweka amana inayorudishwa, unafanya zamu tatu za saa nane hivi, na muda uliobaki ni wako. Roskilde ya Denmark, iliyoanza 1971, huendeshwa na maelfu kwa maelfu ya watu wa kujitolea, na faida yake hutolewa kwa misaada. Lakini kama upo kwa viza ya mwanafunzi, uliza kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako. Zamu inayolipwa kwa tiketi inaweza kuhesabiwa kuwa kazi, na saa zako za kazi zina kikomo.

Kwa walio Ujerumani, Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na ambayo imeendelea kupanda, inakupeleka nchi nzima kwa treni za kawaida, si zile za kasi. Ni ya kila mwezi. Ikifika tarehe 10 hujaifuta, mwezi unaofuata utakatwa tena. Na kabla hujalipia shoo ya mji mdogo, angalia saa ya treni ya mwisho. Huko ukumbi mdogo huanza kwa saa iliyoandikwa, na mara nyingi hufunga kabla ya saa sita kwa ajili ya majirani, lakini treni za vijijini huweza kuisha mapema zaidi. Nimelala kwenye benchi la stesheni mara mbili, na mara ya pili mvua ilinyesha hadi alfajiri.

Hemani: usidanganywe na neno kiangazi. Mchana utatoka jasho, usiku ni baridi ya Limuru ya mwezi wa saba, nawe umelala chini. Godoro jembamba la kukukinga na ardhi lina faida kuliko blanketi la pili. Beba gambuti, koti la mvua na vizibo vya masikio. Vizibo si vya wazee. Masikio yakishaharibika hayarudi, na wanamuziki wenyewe wanavaa.

Meza ya fulana

Shoo ikiisha usikimbilie mlangoni. Karibu na mlango kuna meza, na mara nyingi anayeuza ni mmoja wa wale waliokuwa jukwaani dakika tano zilizopita, shati bado limemganda mgongoni, akitoa fulana ndani ya begi la nailoni la miraba kama lile la mitumba ya Gikomba. Pesa ya ziara iko kwenye begi hilo. Wimbo ukisikilizwa mara moja kwenye programu za muziki huleta chini ya shilingi moja ya Kenya, na hiyo nayo hugawanywa. Fulana moja ya euro 25 inawalisha watu wawili jioni ile. Nunua kwenye vyumba vidogo, kwa kuwa kumbi kubwa nyingi hukata asilimia ya mauzo ya mezani. Mjulishe muuzaji kwa Kiswahili unatoka mtaa gani. Atafurahi, nawe utajua wanalala wapi usiku huo. Kama una sebule yenye nafasi, sema. Nimewahi kupika ugali na sukuma wiki saa saba ya usiku kwa watu sita ambao asubuhi iliyotangulia hawakulijua hata jina langu.

Ukishindwa kufika, nunua albamu kwenye Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Wao huchukua asilimia 15 ya muziki wa kupakua na 10 ya bidhaa, na tangu Machi 2020 huwa na Ijumaa maalumu ambazo huacha fungu lao lote. Weka ununuzi wako siku hizo.

Halafu uje Desemba

Ulichokiona huko kwa dakika 40, huku utakipata kwa saa mbili, na watu wakiimba maneno yote. Tamasha la Nairobi la Blankets and Wine, lililoanzishwa na Muthoni Drummer Queen mwaka 2008, ndilo rahisi zaidi kwa anayekuja na familia, lakini thibitisha mahali kila mara, maana hubadilika. Vyumba vidogo tafuta mwenyewe kupitia kurasa za bendi. Tiketi hulipwa kwa M-Pesa. Kama laini yako ilikufa, mwombe dada au binamu alipe kwenye namba ya biashara, na asome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Usitume kwa namba ya mtu binafsi aliyekuandikia mtandaoni. Saa iliyo kwenye bango la hapa ni ya kufunguliwa geti, na bendi kubwa yaweza kupanda jukwaani muda wa saa nne baada ya hapo. Panga gari la kurudi kabla hujatoka nyumbani.

Na kabla ya kufunga begi, waandikie bendi uwaulize wanakosa nini. Kwangu mimi hili ndilo la maana kuliko yote niliyoandika. Vijiti vya ngoma na nyuzi nzuri ni ghali hapa, na havichukui nafasi kuliko soksi. Mwaka ule wa Leipzig nilimwandikia yule mpiga besi aliyenyimwa viza. Alijibu neno moja na namba mbili: nyuzi, 45 hadi 105, yaani unene wake. Desemba nilimkuta karakanani kwake, mikono imejaa masizi, akainawa yote hadi kwenye viwiko kabla ya kuipokea pakiti. Akazifunga nyuzi palepale, moja baada ya nyingine, besi imelala juu ya meza ya kuchomelea, na usiku ule alipiga nyimbo zote za ile ziara, kuanzia wa kwanza.