Jinsi ya kufuatilia pensheni ya mwanamke aliyeachishwa kazi kwa kuolewa nchini Ayalandi

Hadi mwaka 1973, mwanamke aliyeajiriwa serikalini nchini Ayalandi alilazimika kuacha kazi mara tu alipoolewa, na benki pamoja na kampuni nyingi binafsi zilifuata desturi hiyohiyo; walimu wa shule za msingi ndio waliotangulia kuondolewa katazo hilo, mwaka 1958. Baadhi ya wanawake walioachishwa walipewa kiinua mgongo cha ndoa wakaenda zao. Hasara kubwa waliiona walipofikisha miaka 66 na kuomba pensheni ya serikali inayotokana na michango ya bima ya jamii.

Anayemsaidia mama au bibi yake aanze kwa kuomba taarifa kamili ya michango kutoka Wizara ya Ulinzi wa Jamii, kisha aisome kuanzia mwaka wa kwanza kabisa, kwa sababu mtego umo humo. Kanuni ya wastani, mojawapo ya kanuni mbili za kukokotoa pensheni hii, huchukua michango yote ya kila wiki na kuigawanya kwa miaka iliyopita tangu mtu aingie kwenye bima hadi umri wa pensheni. Tuseme mama alizaliwa 1948, akaanza kazi dukani 1966, akaachishwa alipoolewa 1972, akalea watoto, kisha akarudi kazini kuanzia 1990 hadi 2014. Amechangia wiki 1,560, lakini zikigawanywa kwa miaka 48, wastani wake ni wiki 32.5 kwa mwaka, na kwa viwango vilivyoanza Septemba 2012 wastani huo humpatia asilimia 90 tu ya pensheni. Mdogo wake ambaye hakuajiriwa kabisa kabla ya 1990 amechangia wiki 1,248, ila kwa kuwa zinagawanywa kwa miaka 24, anapata pensheni kamili. Aliyechangia zaidi ndiye anayepunjwa, na sijaona hoja ya haki inayoweza kuitetea hesabu hiyo.

Ikiwa mama alizaliwa tarehe 1 Septemba 1946 au baada ya hapo, aombe dai lake lipimwe pia kwa kanuni ya jumla ya michango, ambayo huhitaji wiki 2,080 kwa pensheni kamili na huruhusu hadi miaka 20 ya kulea watoto walio chini ya miaka 12, au kumtunza mtu asiyejiweza, ihesabiwe kama michango, hata kama malezi hayo yalifanyika zamani. Kwa mama wa mfano wetu, miaka 18 ya malezi inaongeza wiki 936, hivyo anavuka kiwango hicho bila shida. Sharti lisilokwepeka ni kwamba wiki 520 ziwe zimelipiwa kweli. Kusanya vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na ukumbuke kwamba posho ya watoto ilikuwa haki ya baba hadi 1974, kwa hiyo kumbukumbu za kabla ya hapo huenda zina jina lake.

Aliyefanya kazi ya serikali asishangae kuona michango ya miaka hiyo kwa kawaida haihesabiki kwa pensheni hii, kwa maana ililipwa kwa kiwango pungufu. Na aliyewahi kufanya kazi Uingereza aombe michango ya huko iunganishwe.

Waliozaliwa kabla ya Septemba 1946 ndio walioachwa nje. Mpango wa kuwafidia walezi wa nyumbani unaowahusu huhesabu malezi ya kuanzia tarehe 6 Aprili 1994 tu, wakati watoto wa wengi wao walikuwa wamekwisha kukua. Kwao, ningeanza na pensheni ya mjane, ambayo inaweza kutegemea michango ya marehemu mume na haipimwi kwa kipato. Kama mume yu hai, ipo nyongeza ya mwenzi katika pensheni yake, na ipo pia pensheni isiyohitaji michango, ingawa zote mbili huangalia kipato. Linganisha viwango kwanza, kwa kuwa hawezi kulipwa pensheni mbili kwa pamoja.

Uamuzi wowote uombwe kwa maandishi. Ukikataliwa, omba wizara iupitie upya, kisha ukate rufaa katika Ofisi ya Rufaa za Ustawi wa Jamii, ukiambatisha hesabu yako mwenyewe ya kanuni zote mbili, mwaka kwa mwaka.