Jinsi ya kuanzisha ushirika wa wanamuziki wa jazi huru

Ukipiga jazi huru, yaani jazi isiyofungwa na midundo na mpangilio wa kawaida, usitegemee mwenye klabu akutafute. Wateja wake wanataka nyimbo wanazozijua. Kwa sababu hiyo wanamuziki weusi wa Chicago waliunda chama chao, AACM (Association for the Advancement of Creative Musicians), mwaka 1965, na chama hicho kingali hai. Mimi napiga saksafoni katika ushirika mdogo wa watu tisa, na mengi tumeyaiga kwao.

Hatua ya 1: Kutaneni nyumbani kwa mtu. AACM ilianzia nyumbani kwa mpiga tarumbeta Phil Cohran, tarehe 8 Mei. Waliouitisha mkutano pamoja naye ni Muhal Richard Abrams, Jodie Christian na Steve McCall. Mazungumzo yalirekodiwa. Rekodini na ninyi, maana baada ya miezi sita mtabishana nani alisema nini.

Hatua ya 2: Amueni mtapiga muziki wa nani. Hapa msiharakishe. Wale wa Chicago walichagua muziki wanaoutunga wenyewe, na nadhani hiyo ndiyo siri ya uhai wao. Kwetu kila mwanachama ana usiku mmoja kwa mwaka: analeta tungo zake, wenzake wanazipiga, wazipende wasizipende. Kabla ya sheria hiyo mpiga besi wetu alikaa miaka miwili bila kusikia utunzi wake hata mmoja. Zamu yake ilipofika alileta karatasi yenye mistari mitupu, haina nota. Tulifanya mazoezi mara nne ndipo tukaelewa kuwa mstari mnene ni pumzi ndefu, na mahali ulipokatika sote tunyamaze. Sijawahi kupiga ukimya mzito kama ule.

Hatua ya 3: Pesa. Ada iwe ndogo, na kila mtu alipe. Kwenye kiingilio, toeni kwanza kodi ya ukumbi na gari la kubebea dramu. Robo ya kinachobaki iingie kwenye mfuko wa ushirika, robo tatu zilizosalia mgawane sawa kwa sawa. Mweka hazina asome hesabu usiku uleule, kabla hamjafunga vyombo. Sisi tulisubiri wiki moja, tukampoteza mpiga dramu mzuri.

Hatua ya 4: Katiba iseme mwanachama akipata mkataba wake binafsi itakuwaje. Jazz Composers Guild, ushirika wa watunzi wa jazi ulioanzishwa na mpiga tarumbeta Bill Dixon mjini New York mwaka 1964, haukudumu hata mwaka, na mikataba ya aina hiyo ilikuwa sehemu ya mvutano. Kwetu mwenye mkataba anautaja kikaoni kabla ya kutia saini. Hatumzuii.

Hatua ya 5: Ukumbi. Kanisa, maktaba, darasa, popote penye umeme. Pangeni viti thelathini tu, vingine viwekeni pembeni.

Hatua ya 6: Fundisheni vijana bure, kama AACM walivyofanya. Sisi tunakutana nao Jumamosi asubuhi. Kila mtoto anapewa chombo na dakika tano za kupiga anachotaka, kisha wengine wanamweleza walichosikia. Nota zinaanza wiki ya tatu.