Jinsi ya kuchora wakulima kazini kwa mtindo wa Pissarro

Kwanza tafuta picha ya wachuma matufaha wa Éragny, aliyoichora mchoraji Camille Pissarro mwaka 1888. Iko Makumbusho ya Sanaa ya Dallas, Marekani. Éragny ni kijiji cha Ufaransa alikohamia mwaka 1884. Mwanamume anaangusha matunda kwa fimbo ndefu, wanawake wameinama wanaokota. Itazame kwa utulivu, hasa kile kivuli cha mti.

1. Paka kanvasi yote rangi ya udongo wa manjano, nyepesi, iliyozimuliwa kwa tapentaini. Subiri ikauke.

2. Anza na mgongo. Mstari mmoja utoke shingoni, upinde kiunoni, ushuke hadi kisigino, mkono ufuate. Ukianza na uso utapata mtu anayepigwa picha, si mtu aliye kazini. Kama mkao unakusumbua, weka brashi chini uiname wewe mwenyewe kama unaokota, usikie uzito unaegemea mguu upi. Pissarro aliwaheshimu watu hawa kwa kuichora kazi yao sawasawa, na ndiyo maana nyuso zao hazihitaji urembo.

3. Sasa kivuli. Nyeusi usiiguse kabisa. Changanya buluu iliyokoza na damu ya mzee, upate zambarau, kisha uipunguze ukali kwa nyeupe. Kivuli cha mchana hupokea mwanga wa anga, kwa hiyo kina ubuluu ndani yake. Juu yake dondoshea waridi na kijani, pale jua linapopenya majani.

4. Shamba lenye jua lipake kwa viharusi vifupi kama nukta, vya manjano na chungwa, kila kimoja kando ya mwenzake bila kuvichanganya. Chungwa ikikaa jirani na buluu, zote mbili hung'aa zaidi. Mbinu hii Pissarro aliipata kwa wachoraji wenzake Georges Seurat na Paul Signac, aliokutana nao mwaka 1885. Baadaye aliachana na nukta kwa kuwa zilimchelewesha na kumnyima uhuru wa mkono, nami namuunga mkono: nukta zibaki kwenye ardhi na kivuli tu. Kwenye nguo, brashi ifuate mikunjo ya kitambaa.

5. Rudi nyuma hatua kadhaa, ukunje macho. Mtu akimezwa na majani, usimzungushie mstari. Ongeza mwanga kwenye ardhi iliyo nyuma ya mgongo wake, naye atajitokeza.