Jinsi ya kusoma neva za mkono kwa pamba, kalamu na karatasi

Ganzi ya vidole ina mipaka, na ukiijua mipaka hiyo unajua tatizo limekaa wapi. Mtu akikuambia mkono unamfa ganzi, muulize ni vidole vipi kabla hujamuuliza ni tangu lini. Ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete inatoka kwenye neva moja, yaani mshipa mmoja wa fahamu. Ile ya gumba, shahada na cha kati inatoka kwenye neva nyingine kabisa, iliyobanwa mahali pengine.

Tafuta pamba, kalamu ya wino unaofutika, rula, klipu ya karatasi, kijiti cha kuchokolea meno na karatasi ya daftari. Sindano usitumie: inatoboa ngozi, na kijiti kinafanya kazi ileile. Mtu mmoja kijiti kimoja, kisha kitupe.

Ramani kwanza

Ubongo na ugwe mgongo, ule uzi mnene unaopita ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, ndio mfumo wa neva wa kati. Neva zote zinazotoka hapo ni za pembeni: jozi 12 kutoka kwenye ubongo, jozi 31 kutoka kwenye ugwe. Katika hizo 31, za shingo ni 8, kifua 12, kiuno 5, nyonga 5 na kifandugu 1. Pingili za shingo ni 7 tu, lakini neva zake ni 8, na hapo wanafunzi hupoteza alama kila mwaka. Neva ya kwanza hutoka juu ya pingili ya kwanza na ya nane hutoka chini ya ya saba.

Mkono unahudumiwa na neva ya 5 hadi ya 8 za shingo pamoja na ya 1 ya kifua. Zinakutana nyuma ya mtulinga, zinasukana kama ukili, kisha kwapani zinaachana zikiwa neva kubwa tano. Dereva wa bodaboda akiangukia bega, kichwa kikavutwa upande wa pili, msuko huo hunyooshwa mpaka mizizi ikang'oka kwenye ugwe. Katika zile tano, tatu ndizo zinazofika vidoleni: alna, mediani na radiali.

Alna

Kunja kiwiko kama nyuzi 90. Upande wa ndani kuna nundu ya mfupa. Nyuma yake kuna kifereji. Pitisha ncha ya kidole hapo polepole, kushoto na kulia, utahisi kitu kama kamba laini kinateleza chini ya kidole. Hiyo ndiyo neva unayoigonga kwenye ukingo wa meza ukahisi umepigwa shoti mpaka kidole cha mwisho. Usiibonyeze kwa nguvu.

Pima mikono yote miwili na ulinganishe, kwa sababu unene wa kawaida hutofautiana kati ya mtu na mtu. Neva iliyonenepa upande mmoja, hasa ikiwa inauma ukiigusa, au ikiwa mwilini kuna baka lililopauka lisilohisi pamba, ni sababu ya kwenda kituo cha afya kupimwa ukoma. Dawa zake hutolewa bure, na zikianza mapema kwa kawaida vidole havifikii kukunjika.

Sasa nguvu. Mwambie ashike karatasi kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, kisha uivute. Mwenye alna nzima anaibana gumba likiwa limenyooka. Alna ikiwa dhaifu, kifundo cha juu cha gumba kinajikunja chenyewe: msuli wa kubana umelegea, kwa hiyo anaazima ule wa kukunja ncha ya gumba, ambao unatumwa na mediani. Mgonjwa mwenyewe huwa hajui kwamba anafanya hivyo. Tazama gumba, karatasi kutochomoka hakukuambii kitu.

Mediani

Kutanisha gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kiganja kidogo. Kano, ule uzi unaounganisha msuli na mfupa, inayosimama katikati ya kifundo cha mkono ndiyo alama. Mediani iko chini yake, ikiegemea upande wa gumba. Wapo watu wasio na kano hiyo na hawapungukiwi na kitu.

Kutoka hapo neva inaingia kwenye handaki jembamba pamoja na kano 9. Chochote kinachovimbisha handaki, iwe ujauzito au kazi ya kukamua na kufinya kutwa nzima, kinaibana. Mgonjwa huamka usiku akikung'uta mkono. Kumpima, mwambie akutanishe migongo ya viganja, vidole vikielekea chini, abaki hivyo kwa sekunde 60. Sisimizi wakianza kutembea kwenye gumba, shahada na cha kati, umepata jibu zuri, ingawa si la mwisho. Kisha gusa ngozi ya kiganja chini ya gumba. Ikiwa inahisi vizuri wakati vidole vina ganzi, kibano kiko ndani ya handaki, maana tawi la ngozi hiyo hupita juu yake.

Radiali

Hii haina mengi. Inazunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, imelala karibu kabisa na mfupa, ndiyo maana mtu akilala ameuning'iniza mkono juu ya mgongo wa kiti, au magongo yakimchimba kwapani, huamka kiganja kimelegea na hakiinuki. Ngozi yake ipimie mgongoni mwa mkono, kati ya gumba na shahada. Mkamato utaonekana dhaifu, lakini mwinulie kiganja kwa mkono wako na nguvu itarudi. Misuli ya kukamata haina kosa.

Kupima hisi bila kujidanganya

Afumbe macho. Gusa kwa pamba, usiburute, na ubadilishe muda kati ya mguso na mguso. Yeye aseme "sasa" kila anapohisi. Ukimuuliza "hapa je?" umeshampa jibu. Anza katikati ya sehemu yenye ganzi ukielekea panapohisi, weka nukta kwa kalamu, kisha rudia kwa kijiti.

Halafu kunjua klipu ncha zake mbili zikae sambamba, umguse nazo kwa pamoja. Ncha ya kidole hutambua pointi mbili zikiwa zimeachana kama milimita 3. Kiganja huhitaji kama 10, mgongo kama 40.

Unganisha nukta. Ganzi ya alna inaishia karibu na kifundo cha mkono na inagawa kidole cha pete nusu kwa nusu. Ikipanda ndani ya kigasha kuelekea kiwiko, shuku mzizi wa 8 shingoni, yaani neva ya 8 ya shingo pale inapotoka kwenye ugwe. Gumba ni mzizi wa 6, kidole cha kati wa 7. Viganja vyote viwili vikiwa na ganzi ya kama glovu, vua viatu: kwa mwenye kisukari nyuzi ndefu za neva huharibika kwanza, na miguu itakuwa imeanza zamani.

Mkono mzima ukilegea ghafla pamoja na uso au mguu wa upande uleule, acha pamba hapo hapo. Hicho ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo, na jeraha liko upande wa pili wa ubongo kwa sababu njia za amri hupishana chini yake. Andika saa dalili zilipoanza. Daktari ataiuliza kabla ya kitu kingine.

Neva iliyokatwa ikashonwa huota kama milimita 1 kwa siku. Ili kuifuatilia, gongagonga kwa ncha ya kidole juu ya njia yake, ukianzia vidoleni kurudi kwenye kovu. Panapotoa shoti ndipo nyuzi mpya zilipofika. Pima umbali kutoka kwenye kovu, andika na tarehe, rudia baada ya wiki nne. Alama inapaswa kuwa imesogea kama sentimita 3. Ikiwa miezi mitatu imepita na haijaondoka kwenye kovu, mrudishe kwa aliyeishona.