Namna ya kutambua mapema madhara ya mtikisiko wa mashine mikononi

Fundi anayevunja mwamba wa matumbawe kwa mashine ili kuchimba karo, yaani shimo la majitaka, iwe Unguja au Pemba, asisubiri vidole vigeuke vyeupe ndipo aamini kuwa mishipa yake midogo ya damu imedhurika. Weupe huo, ambao daktari Alice Hamilton aliueleza mwaka 1918 kwa wakata mawe ya chokaa wa Bedford, Indiana, Marekani, hujitokeza zaidi penye baridi, kwa kuwa mishipa iliyotikiswa kwa miaka hunywea kupita kiasi na kuizuia damu. Joto letu huuficha. Hapa kwetu aghalabu hutangulia ganzi na mchomo kama wa sindano, na wengi husema ni uchovu tu.

Jioni, jaribu kufunga kifungo cha shingo cha kanzu bila ya kukitazama, au fumba macho uokote sarafu sakafuni. Ikiwa kidole kimeigusa na hakijui kimegusa nini, usiipuuze dalili hiyo. Asubuhi za kipupwe ukiwa kwenye pikipiki, au unaposhika barafu ya samaki, angalia kama kidole kinageuka cheupe kuanzia nchani, chenye mpaka ulio wazi, kisha kikawa chekundu na kuuma damu inaporudi. Kipige picha hapo hapo, kwani ukifika kwa daktari rangi itakuwa imesharejea.

Hesabu dakika ambazo mashine inatikisika mkononi, si saa za kuwapo kazini. Kwa kanuni za Ulaya, kifaa chenye mtikisiko wa mita 10 kwa sekunde mraba (kipimo cha ukali wa mtikisiko) humlazimu mwajiri kuchukua hatua baada ya nusu saa, na kikomo cha siku ni saa 2. Kwa hivyo pokezaneni. Noa ncha, kwa sababu ncha butu hurefusha kazi, na usiikamate mashine kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Glavu huhifadhi joto, lakini mtikisiko wenyewe hazipunguzi sana. Sigara iache, kwani nikotini nayo huibana mishipa hiyo hiyo.

Ganzi ikidumu, nenda hospitali umweleze daktari aina ya mashine na miaka uliyoitumia, bila ya kungoja akuulize, kwa sababu ganzi ya mkono huletwa pia na kisukari au kubanwa kwa neva kwenye kifundo cha mkono, na tiba zake si moja.