Kabla Hujapakia Juisi ya Kisumu

Wazo hili huzuka kila Januari, walioenda nyumbani kwa Krismasi wakisharudi: kununua soda ya Stoney Tangawizi kreti kwa kreti pale sokoni Kibuye, Kisumu, kujaza kontena, na kuwauzia Wakenya wa Berlin, Birmingham au Minneapolis walioikosa miaka. Liache. Nembo ile ina mwenyewe, na katika Umoja wa Ulaya na Uingereza mwenye nembo anaweza kuzuia hata bidhaa yake halisi isiuzwe huko, ikiwa iliuzwa mara ya kwanza Kenya na yeye hakuridhia ivuke. Risiti yako haitakuokoa. Tena soda ya dukani imeshatozwa ushuru wa bidhaa na VAT, kodi ambazo mzigo unaokwenda nje ukitoka kiwandani kwa karatasi zake haubebi. Na ile chupa ya kioo si yako, ni ya kurudishwa.

Kinachowezekana ni kinywaji cha kiwanda kidogo chenye nembo yake: juisi ya pasheni, ya nanasi, au tangawizi na limau. Watengenezaji wa aina hiyo utawapata kuanzia Nakuru hadi Kisumu. Ukikosa pa kuanzia, ulizia KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda yenye kituo Kisumu, au watu wa sayansi ya vyakula wa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro.

Ukimpata mtengenezaji, usianze na bei. Omba picha ya nyuma ya chupa, iliyo wazi kiasi cha kusoma namba.

Tafuta rangi kwanza. INS ni namba ya kimataifa ya viungio vya chakula: INS 122, yaani karmoisini, na INS 124 ndizo huvipa vinywaji vingi wekundu na zambarau. Marekani haziruhusiwi katika chakula, na mzigo wenye hizo hukataliwa mpakani. Ulaya na Uingereza zinapita, lakini lebo lazima ionye kwamba huenda zikaathiri utulivu na usikivu wa watoto. Onyo hilo ni la rangi sita, tartrazini (INS 102) ikiwemo. Mzazi gani atachukua chupa hiyo rafuni? Kwa maoni yangu pasheni haihitaji rangi hata kidogo, na anayeitia rangi mara nyingi anaficha maji. Kisha tazama kihifadhi. Benzoati (INS 211) ina kikomo cha miligramu 150 kwa lita Ulaya kwa vinywaji baridi vyenye ladha, ilhali Marekani ni asilimia 0.1. Ukiambiwa "tunatia kidogo tu", taka cheti cha maabara chenye kipimo. Siklameti, ile sukari bandia ya INS 952, Marekani iliipiga marufuku kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Baada ya lebo, omba daftari la kiwandani. Juisi ya chupa inayotengenezwa vizuri hupashwa moto, ikajazwa ingali moto, chupa ikafungwa na kulazwa au kugeuzwa kichwa chini ili joto liue vijidudu vya kwenye kifuniko. Kila bechi, yaani kila mkupuo wa kutengeneza, iandikwe: tarehe, joto la kujazia, na pH, kipimo cha uchachu. Pasheni ni chachu sana, pH yake huwa karibu na 3, na hilo linakusaidia. Daftari lisilo na safu ya joto, au lenye namba moja ile ile ukurasa mzima kwa kalamu moja, ni la kutungwa jana yake. Marekani inataka zaidi: mtengenezaji wa juisi awe na mpango wa HACCP, yaani wa kudhibiti hatari za usalama wa chakula, ulioandikwa, na wewe muagizaji uweze kuuonyesha.

Chombo ndicho huangusha wengi, kwa sababu hakuna anayekifikiria. Tangu tarehe 3 Julai 2024, chupa za plastiki za kutumia mara moja katika Umoja wa Ulaya, hadi lita tatu, lazima ziwe na kifuniko kisichotengana na chupa ukiifungua. Chupa ya kwetu ikifunguliwa kifuniko kinabaki mkononi, basi imekosa soko kabla hata haijaonjwa. Ujerumani ina jambo lake pia: chupa za plastiki na mikebe ya vinywaji hudaiwa amana ya senti 25 za yuro, inayorudishwa chupa ikirejeshwa, na tangu 2022 juisi ya chupa ya plastiki imo. Muagizaji ndiye wa kujisajili katika mfumo huo na kuhakikisha alama yake ipo kwenye chupa. Juisi isiyo na gesi katika chupa ya kioo haimo kwenye amana hiyo, ingawa usajili wa vifungashio bado unakudai. Kwa mzigo wa kwanza wa Ujerumani, mimi ningeenda na kioo, uzito na kuvunjika nikiujua. Soda ya plastiki ningeiacha kabisa: gesi hupenya polepole kwenye plastiki, joto likiongeza kasi, na safari yaweza kuwa ndefu: mwishoni mwa 2023 meli nyingi za Ulaya zilianza kuzunguka kusini mwa Afrika kuikwepa Bahari ya Shamu.

Uingereza, angalia sukari. Tangu Aprili 2018 kinywaji kilichoongezwa sukari hulipiwa tozo kuanzia gramu 5 kwa mililita 100, na tozo kubwa zaidi kuanzia gramu 8. Kiwanda kisichofikisha lita milioni moja kwa mwaka kimesamehewa, lakini ushahidi wa hilo uwe kwenye faili lako. Ghuba wanataka lebo ya Kiarabu. Vinywaji vya maziwa, usivichanganye na safari hii; vina vyeti vya mifugo na masharti yao wenyewe.

Sasa wewe unaingia wapi? Wengi hudhani mchango wao ni pesa. Kiwanda cha Kisumu kinachokosa ni anwani. Ulaya na Uingereza, bidhaa ya nje lazima iandikwe jina na anwani ya muagizaji aliye huko. Marekani, kiwanda lazima kijisajili FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, kirudie usajili kila mwaka wa shufwa kati ya Oktoba na Desemba, na kiwe na wakala anayeishi Marekani. Mzigo wa meli unatolewa taarifa FDA angalau saa nane kabla haujafika, wa ndege saa nne. Wakala huyo waweza kuwa wewe. Elewa tu kwamba mtoto wa mtu akiumwa tumbo, simu itakuja kwako, kwa hiyo fungua kampuni na ukate bima kabla jina lako halijachapwa kwenye lebo.

Upande wa nyumbani, kiwanda kiwe na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na cheti cha asili kutoka KRA, mamlaka ya mapato; kwa Ulaya ni fomu ya EUR.1. Mkataba wa biashara wa Kenya na Uingereza ulianza kazi 2021, wa Umoja wa Ulaya Julai 2024. Bila uthibitisho wa asili unalipa ushuru kama mtu asiye na mkataba. Juisi huenda kwenye namba 2009 ya forodha, soda na vinywaji vilivyotiwa sukari na ladha 2202. Wakala wa forodha akikosea hapo, gharama ni yako.

Mzigo wa kwanza usiwe kontena zima. Vinywaji hufikia kikomo cha uzito kabla kontena halijajaa, na kontena likikataliwa utalipa kulihifadhi, kisha kulirudisha au kuliteketeza. Anza na paleti moja ya mbao, jukwaa la kupangia mizigo, katika kontena la kuchangia, na kila bechi iachiwe chupa mbili, moja kiwandani na moja kwako, hadi tarehe ya mwisho ipite. Mteja akilalamika, ile yako ndiyo utakayopeleka maabara.